Ratiba Tupu: Mwaka Mmoja wa Mwanafunzi Uingereza na Ufundishaji Wetu

Kila mwaka walimu kadhaa wa vyuo na shule zetu huondoka kwenda Uingereza kusoma kwa muda wa mwaka mmoja, na kila mwaka, warudipo, huulizwa maswali yale yale: baridi ilikuwaje, chakula kilikuwaje, na je, wenyeji hukaribisha wageni? Ni mara chache mno huulizwa swali ambalo kwa mwalimu lingepasa kuwa la kwanza, yaani mwanafunzi wa huko huipitishaje siku yake, na siku hiyo humfundisha nini. Mimi nilikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini ya Uingereza, pande za Yorkshire, tangu Septemba 2018 hadi Septemba 2019. Nimeona yafaa niyatoe maoni yangu mbele ya walimu wenzangu, wala si kwa kusimulia safari, bali kwa sababu nilirudi nikiwa na shaka kubwa juu ya kazi niliyokuwa nimeifanya darasani kwa miaka 11.

Nianze na ratiba. Juma la kwanza nilipewa karatasi yenye siku tano, na katika siku hizo zote nilihesabu saa 8 tu za masomo. Nilidhani karatasi ile haijakamilika. Nikarudi ofisini kuuliza, na karani akanieleza kwa adabu nyingi kuwa ndiyo hiyo hiyo. Pamoja nayo nilipewa orodha ya vitabu na makala, kurasa saba, pasipo maelezo ya kipi kisomwe kwanza na kipi kiachwe. Mwanachuo wetu huku nyumbani hukaa darasani tangu asubuhi hadi alasiri, na usiku ana kipindi cha kujisomea kinachosimamiwa na mkufunzi wa zamu. Hajapata kukabidhiwa siku tupu mkononi mwake. Mimi nami, pamoja na umri wangu, nilikuwa sijapata. Majuma matatu ya kwanza niliyapoteza kabisa. Nilikwenda maktaba, ambayo ilikuwa wazi usiku na mchana, nikaketi na kitabu, nikakinakili sura baada ya sura kwa mwandiko mzuri, kama vile nilivyokuwa nikiwanakilisha wanafunzi wangu ubaoni. Nilijaza madaftari manne. Nilipoulizwa katika semina mwandishi yule anadai nini, nilifunua daftari la pili nikaanza kutafuta ukurasa.

Nje ya darasa mambo yalikuwa ya kawaida, na kwa mgeni hayo ya kawaida ndiyo yanayochosha. Tulikuwa watu sita katika nyumba moja yenye jiko moja. Kila mtu alikuwa na rafu yake katika jokofu, na maziwa ya mtu hayakuguswa na mwingine hata kama yanakaribia kuchacha. Unga wa mahindi niliupata katika duka la Mpakistani, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na nilikwenda kwa miguu kwa kuwa pauni moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 3,000, nami sikuweza kulipa nauli ya basi pasipo kuigeuza kichwani kuwa fedha ya nyumbani. Usiku maduka makubwa hubandika karatasi za manjano kwenye mikate na nyama ambazo muda wake unakwisha, bei ikapunguzwa, na hapo ndipo nilipowafahamu wanafunzi wa mataifa yote, maana tulikutana kila siku mbele ya kabati lile lile. Watu wa Yorkshire ni wakunjufu kuliko tulivyosimuliwa. Mama mtu mzima aliyeuza tikiti za basi aliniita "mpenzi" mbele ya watu siku ya kwanza, nikashtuka, hata nikasikia akimwita hivyo hivyo mzee aliyenifuata. Lakini salamu zao hazina kituo. Mtu hukuuliza kama u mzima, naye ameshapita kabla hujaanza kujibu habari za nyumbani.

Hata saa zetu hazikufaa kitu huko. Sisi twahesabu saa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, likitua ni saa kumi na mbili. Mwezi wa Desemba kule jua huchomoza saa mbili za asubuhi zimekwisha pita, na saa kumi kasorobo za alasiri limekwisha tua; mwezi wa Juni saa tatu na nusu za usiku ungali mwanga. Nilijikuta nikisema "alasiri" gizani. Hili laonekana jambo dogo, lakini mtu aliyezoea siku yake ipangwe na kengele, na kengele ipangwe na jua, akinyang'anywa vyote viwili kwa pamoja hana budi kujipangia mwenyewe au aharibikiwe.

Katika semina niliona shida ya namna nyingine, na hapa sikubaliani na wale wasemao kila cha Uingereza ni bora. Tulikuwa watu 14 tumezunguka meza. Profesa alitaka aitwe kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa mpaka mwisho; nilimwita "Mwalimu" kwa Kiswahili, naye akalipenda. Wanafunzi wenyeji walisema sana, pengine wakisema juu ya kitabu ambacho hawakukifungua, na walihesabiwa kuwa wachangamfu. Sisi tuliolelewa kungoja mkubwa amalize, kisha tungoje tena kidogo ili tusionekane tunampinga, tulihesabiwa kuwa hatujasoma. Mwezi wa pili profesa yule aliniita faraghani akaniuliza kama Kiingereza ndicho kinachonizuia. Kiingereza hakikunizuia. Kilichonizuia ni kwamba tangu darasa la kwanza sijapata kuombwa na mwalimu yeyote nimwambie jambo ambalo yeye hakulisema kwanza. Nilimjibu hivyo, akanyamaza kwa muda. Tangu siku ile, kila semina alizunguka meza akimpa kila mtu dakika mbili za zamu yake, na kumbe Mchina aliyekaa kimya tangu Septemba alikuwa amevisoma vitabu vyote.

Insha yangu ya kwanza ilirudi na alama 52, na kiwango cha kufaulu kilikuwa 50. Chini yake kulikuwa na maneno machache yenye maana hii: umenieleza vizuri wasemavyo waandishi sita; wewe je, wasemaje? Niliikasirikia karatasi ile siku mbili nzima. Nani mimi hata niseme?

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya halikunipata mimi. Lilimpata kijana mmoja wa Afrika Mashariki, mwalimu kama mimi, ambaye simtaji jina wala nchi. Katika kazi yake ya muhula wa pili programu ya kompyuta inayolinganisha maandishi ilionyesha kwamba aya nyingi zilikuwa maneno ya watu wengine, neno kwa neno, pasipo alama za kunukuu wala kutaja zilikotoka. Akaitwa mbele ya kamati kujibu shtaka la wizi wa maandishi. Alikuja chumbani kwangu usiku ule akitetemeka, maana ufadhili wake ungeweza kukatwa, na kwao walikuwa wamefanya sherehe ya kumwaga. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kaka, mimi nimeiba nini? Nimeandika kama kitabu kinavyosema. Ningeandika vinginevyo si ningekosea?"

Hakuwa mwanafunzi wangu, lakini angaliweza kuwa. Katika miaka ile 11 nilikuwa nimesahihisha maelfu ya karatasi za mitihani, na mwanafunzi aliyenirudishia maana ya "upimaji" kwa maneno yale yale niliyoyaandika ubaoni, bila kupungua hata kiunganishi, nilimpa alama zote. Aliyeieleza kwa maneno yake nilimpunguzia alama moja, wakati mwingine mbili, nikiogopa kwamba pengine hakuelewa. Nilikuwa nikiwatuza wanafunzi wangu kwa kitendo ambacho mahali pengine kingewafukuzisha chuo. Kijana yule hakufukuzwa. Alipewa sufuri katika kazi ile, akairudia, akafaulu kwa alama za chini kabisa zilizoruhusiwa. Lakini niliona uso wake siku ya kuondoka, na sidhani alirudi kwao akiwa anaamini kwamba yeye ni mtu msomi.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na desturi zao za vyuo. Sivyo. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa siasa ya Elimu kwa Kujitegemea, mojawapo ya mambo aliyoyataka kwa kijana wa Tanzania ni akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kukataa au kugeuza yale yasiyomfaa. Twayasoma maneno hayo, twayafundisha katika somo la falsafa ya elimu, na kwa msiba ulioje, twayanakilisha. Tena tunao mfano wa zamani kuliko huo. Jomo Kenyatta aliposoma London School of Economics katika miaka ya 1930, akihudhuria semina za Bronisław Malinowski, hakwenda kurudisha maneno ya mwalimu wake. Alipeleka mezani mila za Wagikuyu, jambo alilolijua yeye kuliko wote waliokuwamo, na mwaka 1938 likatoka kuwa kitabu, Facing Mount Kenya. Mtu aweza kubishana naye katika mengi yaliyomo, lakini hawezi kusema kuwa mwandishi wake hana lake la kusema.

Hata hivyo sitaki tuichukue ratiba tupu ya Uingereza kama ilivyo. Uhuru ule una upande wake wa giza. Mwanafunzi mmoja katika jengo letu hakuonekana siku 12, na hakuna aliyebisha mlango wake, kwa kuwa kila mmoja alidhani yuko maktaba. Alikuwa kitandani, hana homa wala kidonda, ameshindwa tu kuamka. Huku kwetu angalikosekana asubuhi moja katika foleni ya uji, na mkufunzi mlezi angalipata habari kabla ya saa nne. Wengine walifanya kazi za usiku, kufagia ofisi au kuwatunza wazee, kwa saa 20 kwa juma ambazo sheria iliwaruhusu wakati wa muhula, wakaja semina wakisinzia. Na tangu Januari 2024 wengi wa wanaokwenda kwa shahada ya uzamili ya kufundishwa hawaruhusiwi tena kuwachukua wenzi wao wala watoto, hivyo upweke huo utazidi. Anayempeleka mwalimu huko kwa mwaka mzima afahamu anampeleka wapi.

Ninachopendekeza ni kidogo zaidi. Tangu nirudi, katika kila vipindi vinne vya somo langu la saikolojia ya elimu, kimoja nakiacha bila kufundisha. Wanachuo hupewa swali lisilo na jibu moja, na vitabu vichache tulivyo navyo, wakasome. Chuo changu kina vitabu 6 vya somo hilo kwa darasa la watu 80, kwa hiyo nimewagawa katika vikundi, na kila kikundi hushika kitabu kwa siku mbili. Anayeandika insha lazima aoneshe kwa alama maneno yasiyo yake, na lazima aya ya mwisho iwe yake peke yake. Majadiliano twayafanya kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, maana mtu hawezi kujifunza kubisha kwa lugha anayoiogopa. Kuhusu adabu, naanza na walio kimya, kwa zamu, kama alivyofanya yule profesa. Mtoto aliyelelewa vizuri husema akipewa nafasi.

Matokeo hayakuwa mazuri mara moja. Mwaka wa kwanza wanachuo walinishtaki kwa mkuu wa chuo kuwa simalizi muhtasari, na kwa kweli sikuumaliza. Baadhi walinunua madaftari ya darasa jirani wakanakili huko. Kusahihisha insha 80 kwa maelezo badala ya vyema na makosa kwanichukua Jumamosi mbili, na sijui mkufunzi mwenye madarasa matatu atawezaje. Hilo ndilo shauri ambalo sijalitatua. Nimejaribu kusahihisha insha za kikundi kimoja tu kila juma, na wengine wakasahihishana, lakini wanachuo wapeana alama kwa urafiki. Ningefurahi kusoma katika jarida hili habari za mkufunzi yeyote aliyejaribu njia nyingine katika darasa kubwa, hasa wa vyuo vya mikoani ambako vitabu ni haba kuliko kwetu.

Muhula uliopita mwanachuo mmoja, binti wa mwaka wa pili, aliandika katika aya yake ya mwisho kwamba maelezo yangu ya darasani juu ya adhabu hayapatani na kitabu nilichompa asome, akaonesha ukurasa. Nilikwenda kuutazama. Ni kweli hayapatani, na Jumatatu niliwaambia darasa zima hivyo.