Gamba la nyoka halivutwi

Umefuga nyoka, sawa. Mabeste wamepiga naye selfi na mamako ameacha kupiga nduru. Kisha asubuhi moja unampata macho yana ukungu, ngozi imefifia, chakula hataki. Tulia. Anajiandaa kujivua gamba.

Baada ya siku chache macho hung'aa tena, kisha gamba hutoka. Nyoka mwenye afya hulivua lote kwa mkupuo, kuanzia mdomoni hadi mkiani, kama soksi inayogeuzwa. Likitoka vipande vipande, mara nyingi shida ni hewa kavu. Hapa Nairobi, baridi ya Julai ikibisha tunamwashia hita, tukisahau kwamba inakausha hewa ya tangi lake.

Msimamo wetu ni mmoja: usivute, hata kama video ya kuvuta itakuletea 'likes'. Ngozi mpya iliyo chini ni laini, na ukiichuna unafungulia maradhi mlango. Machoni ni hatari zaidi. Nyoka hana kope. Jicho lake lina kifuniko angavu kinachotoka pamoja na gamba. Ukikibandua kwa kucha, unaweza kumpofusha.

Badala yake, rekebisha makao yake. Weka bakuli la maji analoweza kujilowesha ndani. Tia kitambaa chenye unyevu kwenye maficho yake, na jiwe au kijiti cha kujisugulia. Gamba likikwama, mloweshe kwa maji vuguvugu yasiyo na kina kwa dakika 20 hivi ukiwa hapo hapo, kisha mwache apenye mwenyewe kwenye taulo lenye unyevu. Halafu kagua: vifuniko vya macho vimetoka? Ncha ya mkia je? Gamba likibaki pale hukaza kama mpira, damu ikakosa kupita na ncha ikafa.

Likikataa kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hapo ndipo asiye na kibali huanza kusitasita. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali, na anayemficha nyoka chumbani anamnyima pia matibabu.

Kama huna subira wala kibali, usimfuge. Nenda ukamtazame kwenye bustani ya nyoka pale Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Si lazima kila unachokipenda ulale nacho chumba kimoja.