Usukani Unaotetemeka

Wanachama wenzangu, msimu wa karafuu ukifika, pikapu zetu hupanda vilima vya Pemba zimebeba wachumaji. Nasema wazi: gari ambalo usukani wake watetemeka lisibebe mtu. Wako mafundi hufunga shokapu mpya ya usukani. Mtetemo hupungua, ugonjwa hubaki. Tazama kwanza upepo wa tairi, uvimbe wake na nati za magurudumu. Kisha inua mbele kwa jeki, weka magogo imara chini ya chesisi, utikise gurudumu. Likicheza juu na chini, shuku beringi au bolijointi. Likicheza kushoto na kulia tu, shuku tairodi. Wili alaimenti ifuate baadaye, maana kuifanya kwenye vyuma vilivyolegea ni kutupa fedha. Chama kikatae kukodi pikapu isiyokaguliwa hivi, hata ikiwa ya mwenyekiti.