Usiniuzie pikseli, nionyeshe lenzi

Binamu yangu anaishi Mombasa na riziki yake ni kupiga video za harusi. Mwaka jana alikopa pesa za chama akanunua kamera mpya ya 4K, maana wateja siku hizi wana swali moja tu: "Kamera yako ni 4K?" Pesa zote zikaishia kwenye kamera. Lenzi akabaki na ile ile ya zamani, zumu moja aliyoinunua mtumba na kuiweka miaka yote ndani ya mkoba wa ngozi.

Harusi ya kwanza aliyoipiga kwa kamera hiyo, mama ya bibi harusi aliitazama video kwenye runinga ya sebuleni akauliza: "Mwanangu, mbona nyuso zina ukungu?" Nusu ya malipo ikazuiwa mpaka video irekebishwe. Basi akanipigia simu. "Kaka, si wewe ni mtu wa kompyuta? Iingize kwenye programu zako uifanye iwe kali."

Nilijaribu usiku tatu mfululizo. Sikufaulu. Na kwa vile mimi ni mwandishi wa programu, ambaye kwa kawaida hudhani kila tatizo lina dawa yake kwenye kodi, naona nina deni la kueleza kwa nini sikufaulu. Msimamo wangu nautoa mapema: tunauziwa pikseli ilhali kinachotupa picha kali ni kioo, na kuna vijana wanaoingia madeni kwa sababu ya hesabu ambayo hawakuelezwa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Video ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2.07. Video ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani kama milioni 8.3. Ni mara nne kamili. Muuzaji akikwambia "mara nne" hasemi uongo. Lakini pikseli ni ndoo tu za kukingia nuru. Ukiwa na ndoo mara nne na mvua ni ile ile ya manyunyu, hujapata maji zaidi. Mvua ni lenzi.

Chukua leso yenye mistari myeusi na myeupe. Lenzi nzuri itaifikisha kwenye sensa ikiwa nyeusi kweli na nyeupe kweli. Lenzi mbaya itachanganya: nuru ya mstari mweupe itavuja kidogo kwenye mweusi, na ule mweusi utakuwa kijivu. Mistari ikizidi kuwa myembamba, kijivu na kijivu hukaribiana mpaka leso nzima inakuwa rangi moja. Hapo hata ukiwa na pikseli milioni mia, zote zitarekodi kijivu kwa uaminifu mkubwa.

Tofauti hiyo kati ya cheusi na cheupe ndiyo kontrasti, na jicho la binadamu huipenda kuliko linavyopenda vitu vidogo vidogo. Wahandisi walilijua jambo hili tangu enzi za runinga za kioo kinene. Otto Schade wa kampuni ya RCA, Marekani, alitumia miaka ya 1940 na 1950 kupima jinsi lenzi, filamu na runinga zinavyopunguza kontrasti hatua kwa hatua. Somo linalobaki kutoka kazi ya aina hiyo ni kwamba ukali ambao mtu anauona si ule mstari mwembamba kabisa ambao kamera inaweza kuushika. Ni jumla ya kontrasti inayobaki kwenye mistari ya ukubwa wote, hasa ile ya wastani: kope, nywele, mshono wa nguo, ukingo wa uso.

Wengine watasema, "Lakini mimi naona tofauti ya 4K." Hebu tupime. Jicho zuri hutenganisha vitu viwili vilivyo mbali kwa pembe ya kama dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye runinga, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.87. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, kwa hiyo pikseli moja ya HD juu yake ni kama nusu milimita. Maana yake, ukiwa kwenye kochi lako, hata pikseli zote za HD huzimalizi. Ungelazimika kusogea mpaka mita 1.7 ndipo uanze kuzitenganisha. Mama ya bibi harusi hakuwa akihesabu pikseli. Aliona kontrasti iliyokufa, na alikuwa na haki.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, tazama sinema. Filamu ya James Bond iitwayo Skyfall, ya mwaka 2012, ilipigwa na Roger Deakins kwa kamera ya ARRI Alexa, ambayo wakati ule ilirekodi pikseli 2880 tu kwa upana. Hiyo haifikii 4K. Ilionyeshwa mpaka kwenye kuta za IMAX. Mbele ya sensa ile kulikuwa na lenzi za Zeiss Master Prime pamoja na mtu anayejua nuru. Leo simu mfukoni mwako ina "pikseli nyingi" kuliko kamera ile, na bado hujaipiga Skyfall.

Sasa tuje kwenye kazi yangu. Mlolongo wa video ni kuzidisha, si kujumlisha. Tuseme, kwa mfano tu, lenzi inabakisha kontrasti ya 0.5 kwenye mistari fulani, sensa 0.6, na kubana faili pamoja na skrini 0.8. Zidisha: unapata 0.24. Badilisha lenzi peke yake iwe ya 0.8 na unafika 0.38. Badala yake ukibadilisha sensa ikawa kamilifu, 1.0, na lenzi ikabaki ile mbovu, unapata 0.40. Yaani kiungo kimoja kibovu kinakula faida ya kiungo ghali ulichonunua. Binamu yangu alikuwa amenunua 1.0 ya upande mmoja na kuacha lenzi ambayo, nilivyokuja kugundua, haikufika hata hiyo 0.5.

Na programu? Kunoa picha kwa kompyuta, katika umbo lake rahisi kabisa, ni jedwali hili:

 0  -1   0
-1   5  -1
 0  -1   0

Kila pikseli izidishwe kwa 5, kisha utoe thamani ya jirani zake wanne. Pale palipo na ukingo, ukingo unazidishwa. Ni ujanja mzuri, na unafanya kazi ikiwa kontrasti ipo ila imepungua. Lakini jedwali halijui lipi ni ukingo wa shela na ipi ni chenga ya sensa. Linanoa vyote viwili. Na pale ambapo lenzi imekwisha kufuta mstari, thamani ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa 5 ni sifuri. Usiku wa tatu bibi harusi alikuwa na mstari mweupe kuzunguka kichwa kama picha iliyokatwa kwa makasi, na ngozi yake ilichakaa kama ukuta wa chokaa. Nikaacha.

Najua simu za kisasa zinafanya maajabu kwa programu, na sitabisha. Lakini angalia zinavyofanya. Mtengenezaji anaijua lenzi yake: jinsi inavyopinda mistari, inavyotenganisha rangi kwenye pembe. Programu inasahihisha kosa ambalo limepimwa tayari. Mimi sikuwa na kipimo cha lenzi ya binamu. Tena, kwa video ya picha 30 kwa sekunde, simu ina milisekunde 33 tu kwa kila picha, si sekunde nzima kama inapopiga picha moja ya usiku.

Na hata simu haziepuki fizikia. Nuru ikipita kwenye tundu huenea kidogo, jambo linaloitwa difraksheni, kwa hiyo nukta hufika kwenye sensa ikiwa duara dogo. Kipenyo chake ni takriban 2.44 mara urefu wa wimbi mara namba ya f. Kwa nuru ya kijani na lenzi ya f/1.7, duara hilo ni maikromita 2.3. Sensa ya pikseli milioni 200 iliyotumika kwenye Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 ina pikseli za maikromita 0.6. Nukta moja ya nuru inafunika karibu pikseli nne kwa upana, hata lenzi ikiwa kamilifu. Hiyo milioni 200 ina kazi zake, lakini video yako ya 4K inahitaji milioni 8.3 tu.

Fomula hiyo hiyo ilinionyesha kosa la pili la binamu. Sehemu ya harusi ilipigwa ufukweni saa saba mchana. Alikuwa ameweka shata 1/50, kama inavyofundishwa kwa video ya picha 25 kwa sekunde. Kwa jua kali na ISO 100, shata hiyo inakulazimisha kuziba tundu mpaka f/22. Hapo duara la difraksheni ni kama maikromita 29, na kwenye sensa yake yenye upana wa milimita 23.5 pikseli ya 4K ni maikromita 6 hivi. Nukta moja imemwagika juu ya pikseli karibu tano. Alilipia 4K akarekodi kitu chini ya HD, na si kwa sababu ya lenzi mbovu. Angeweka kile kioo cheusi cha kupunguza nuru, ambacho ni rahisi sana ukilinganisha na kamera, angebaki kwenye f/5.6 au f/8.

Kosa la kwanza ndilo lililoniuma. Nilimwomba afungue tundu la lenzi lote, amulike tochi kutoka nyuma na kuchungulia. Akanyamaza kwenye simu. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mkoba wa ngozi uliofungwa gizani ni shamba lake. Kuvu hutawanya nuru kila upande na kontrasti hufa. Zaidi ya hapo huharibu ule utando mwembamba uliopakwa kwenye vioo. Utando huo si urembo. Bila huo kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4 ya nuru, na zumu yenye vipande 15 vya kioo ina nyuso 30 hivi. Piga 0.96 mara 30: inabaki asilimia 29 tu. Sehemu ya ile nyingine huzungukazunguka ndani na kumwagika juu ya picha kama maziwa. Ndiyo maana kazi ya Alexander Smakula wa Zeiss, aliyebuni upakaji huo mwaka 1935, ina thamani kwa mpiga video kuliko tangazo lolote la pikseli.

Kwa hiyo, kabla hujakopa:

1. Mulika tochi kwenye lenzi yako. Ukiona nyuzi, mpelekee fundi mapema, kabla hazijala utando.
2. Futa kioo cha mbele, na cha simu pia. Alama ya kidole ni kuvu ya dakika tano.
3. Hifadhi lenzi kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe mara kwa mara.
4. Usipite f/11 kama una njia nyingine. Lenzi nyingi hata za bei ndogo hupendeza kati ya f/5.6 na f/8.
5. Kama una pesa ya kitu kimoja, nunua lenzi isiyo zumu, mfano 50mm f/1.8. Ile ya Canon EF ina vipande 6 tu vya kioo, na ni miongoni mwa lenzi rahisi kabisa za kampuni hiyo.

Namba 5 naisisitiza kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema lenzi ghali. Bei kubwa hununua mambo mengi: tundu pana, uimara, fokasi ya haraka. Lenzi rahisi iliyo safi, ikiwekwa fokasi sawasawa, itaishinda ghali yenye kuvu kila siku.

Video ya ile harusi haikurekebishika. Binamu alirudi kwa ile familia, akaeleza ukweli, wakakubaliana punguzo, na mama yule bado hana picha kali ya siku ile. Hiyo harusi haitarudiwa. Deni la chama nalo linaendelea kulipwa, kwa kamera ambayo haikuwa na kosa lolote. Sasa anapiga kwa 50mm ya mtumba aliyoikagua kwa tochi mbele ya muuzaji. Wateja bado wanamwuliza kama kamera ni 4K. Anajibu ndiyo, kisha anawaonyesha kope za bibi harusi.