Ameruhusiwa, Lakini Hajatoka

Mwezi huu jumuiya yetu hapa Sokon I imechanga mara tatu, na mara zote tatu ni kwa ajili ya hospitali. Mara ya tatu ilikuwa kwa mama mmoja anayeuza mboga, ambaye kijana wake aliumia mguu katika ajali ya bodaboda. Alifanyiwa upasuaji vizuri, akapona, daktari akamruhusu. Siku tisa baadaye alikuwa bado kwenye kitanda kilekile, kwa sababu bili haijaisha. Wanajumuiya wote wanajua maana ya maneno haya: ameruhusiwa, lakini hajatoka. Kila siku ya kusubiri nayo ilikuwa inaongezwa kwenye bili.

Tulichanga shilingi 870,000, akatoka. Tunamshukuru Mungu na kila aliyetoa. Lakini tunaomba turuhusiwe kusema kwamba namna hii ya kusaidiana imechelewa mno.

Ndugu wasomaji, Injili ya Msamaria Mwema tumeihubiriwa wote. Sisi tunaojiandaa kwa upadre husumbuliwa zaidi na yule kuhani aliyepita kando, na tunastahili kusumbuliwa. Ila Luka ana mtu mwingine ambaye hahubiriwi sana: mwenye nyumba ya wageni. Alipokea dinari mbili na ahadi kwamba kitakachozidi kitalipwa. Hakudai dhamana, wala hakumfungia majeruhi mlango. Aliamini kwamba anayeahidi atarudi. Bima yoyote ya afya imejengwa juu ya imani ya namna hiyo, kwamba mtu asiyekuwepo kitandani ataleta fedha kwa wakati.

Imani hiyo ikivunjika, ubaya wake ni mkubwa. Tarehe 4 Desemba 2024, Brian Thompson, mkurugenzi mkuu wa UnitedHealthcare, kampuni kubwa ya bima ya afya ya Marekani, alipigwa risasi akafa mtaani New York akielekea kwenye mkutano na wawekezaji. Ni mauaji, na hakuna Mkristo anayeweza kuyapamba. Kilichotushtua zaidi ni watu wengi waliocheka mitandaoni, wakisimulia jinsi bima zao zilivyokataa kulipia matibabu ambayo daktari alikuwa ameshaandika. Kampuni mama, UnitedHealth Group, ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 22 mwaka 2023. Bajeti nzima ya Serikali yetu ya 2023/24 ilikuwa kama shilingi trilioni 44, ambazo hazifiki hata dola bilioni 20. Biashara ikiwa kubwa hivyo, mgonjwa huanza kuonekana kama hasara kwenye daftari.

Hapa kwetu hatuna jitu la namna hiyo. Tuna Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999, ambao mfanyakazi na mwajiri wake huuchangia asilimia 6 ya mshahara, kila mmoja nusu. Mfuko huu hautafuti faida ya wanahisa. Hata hivyo, Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake, zikisema bei mpya hazifikii gharama. Mwenye kadi alifika mapokezi akakuta kadi yake haifanyi kazi, ingawa mshahara wake ulikatwa mwezi ule kama kawaida. Hatutaki kuhukumu nani alikuwa na haki katika mabishano yale ya bei. Tunachojua ni kwamba mgonjwa ndiye aliyekaa benchi.

Na hospitali zetu za Kanisa? Tuwe wakweli. Zinanunua dawa, zinalipa wauguzi na umeme, na zinahudumia wengi wasio na kitu. Mwenye nyumba ya wageni naye alikuwa na gharama zake. Jirani zetu wa Moshi wana KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971 chini ya shirika lenye jina la huyohuyo Msamaria Mwema, na wagonjwa wengi wa Arusha wameponea pale. Jina kama hilo ni zuri, na ni mzigo pia. Kituo chochote chenye msalaba ukutani kikiandika kwenye fomu ya bima kipimo ambacho hakikufanyika, kimeiba kwa mjane aliyechangia mfuko ule. Hili tuliseme wenyewe kabla hatujasemewa na wakaguzi.

Sisi waamini nasi tuna kosa letu. Toto Afya Kadi iligharimu shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi waliandikisha watoto waliokwisha kuugua. Ni kama kununua mwavuli ukiwa umeshalowa, kisha ukamlaumu muuzaji. Tulilalamika sana, wala hatukujiuliza ni wangapi kati yetu tuliwaandikisha watoto wetu wakiwa wazima.

Ndiyo maana tunapendekeza jambo moja kwa jumuiya za parokia yetu. Kadi ya CHF iliyoboreshwa imekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Katika jumuiya yetu tunazijua kaya nane zisizoweza kuilipa. Hizo ni shilingi 240,000, pungufu ya theluthi moja ya tulichochanga kwa mguu mmoja. Wenyeviti wasisubiri mtu alazwe. Wachangishe Januari, watu wakiwa wazima, na WAWATA wasimamie orodha, maana wao ndio wanaojua ni nyumba gani haikupika jana.

Mwenzetu mmoja alitupinga tulipolisema hili kikaoni. Alisema kadi ile isingemsaidia kijana wetu katika hospitali aliyopelekwa, kwa kuwa ni ya binafsi; ingefaa Mount Meru, na huko nako wakati mwingine unaambiwa ukanunue dawa nje. Ana haki. Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria 2023, inapaswa kujibu hilo, na tuendelee kuidai bila kuchoka. Lakini Sheria ikikamilika itamkuta na yule mama anayeuza mboga, na mtu atapaswa kumlipia sehemu yake ikiwa hana.

Kijana anatembea kwa magongo sasa. Mama yake amerudi sokoni, na wiki iliyopita alimpelekea katibu wa jumuiya shilingi 2,000 kwenye bahasha, akaandika juu yake: za kadi ya jirani.