Nyumba ya Kupangisha Isigeuke Mrija

Kila vyuo vinapofunguliwa, vijana hushuka Tengeru na mabegi yao wakiulizia vyumba. Wapo wa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, wapo wa chuo cha mifugo, na wapo wanaokwenda Taasisi ya Nelson Mandela. Asiyepata nafasi bwenini hana budi kupanga mitaani. Si ajabu, basi, kwamba mwalimu au mtumishi wa Serikali anayekaribia kustaafu huitazama Tengeru akaona ndipo mahali pa kuweka akiba yake.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na mwalimu huyo. Lakini tukumbushane tulikotoka. Ni hapa Arusha, Januari 1967, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katika jina la kiongozi wakahesabiwa watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Sharti la uongozi lililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Mlango ulifunguliwa, ndiyo. Lakini hofu iliyoufunga hapo kwanza, kwamba mtumishi wa umma ataanza kuishi kwa jasho la mwenzake, haikufutwa na kikao chochote.

Basi anayetaka kuanza na aanze kwa hesabu. Tuseme amejenga vyumba sita kwa shilingi milioni 30, na kila chumba kinalipiwa 50,000 kwa mwezi. Wanafunzi huenda likizo, kwa hiyo ahesabu miezi kumi, siyo kumi na miwili: atapata milioni 3 kwa mwaka, kabla ya kodi, kabla ya bati lililovuja na choo kilichojaa. Ikiwa fedha hizo milioni 30 alikopa kwa riba ya asilimia 13, mwaka wa kwanza riba peke yake ni 3,900,000. Pango halilipi hata riba! Kinachobaki ni mshahara, nao utaratibu wa utumishi unataka theluthi yake isiguswe na madeni. Wako wenzetu waliofika darasani na nauli ya kuazima kwa sababu ya nyumba ambayo bado haina milango. Heri vyumba viwili vya akiba kuliko sita vya mkopo.

La pili ni ardhi, na hapa panahitaji uangalifu mkubwa. Wameru si watu wa kufundishwa thamani ya ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba yao. Tangu barabara ya njia nne kutoka Sakina ifike Tengeru, wanunuzi wanaongezeka, na shamba la migomba la ukoo huuzwa na kijana mmoja kwa karatasi iliyoandikwa hotelini. Mnunuzi asikubali. Kama ni ardhi ya kijiji, aende kwa Halmashauri ya Kijiji. Aulize mipaka kwa majirani. Na kama juu yake kuna nyumba ya ndoa, ahakikishe mke ameridhia, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hivyo. Ayaulize na maji pia. Katika sehemu nyingi za Meru maji yana floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto na hata mifupa.

Nyumba ikisimama, ndipo mwenye nyumba hupimwa. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo inamwangukia zaidi mtoto wa mkulima. Yule mwalimu anayelalamika, kwa haki, kwamba mshahara wake huja mwisho wa mwezi, kwa nini amtake mwanafunzi alipe mwaka mzima siku ya kwanza? Miezi mitatu yatosha. Tena kuwe na mkataba wa maandishi na risiti kwa kila malipo, na mapato hayo yatangazwe kwa Mamlaka ya Mapato kama mshahara wake unavyokatwa bila kuulizwa.

Liko jambo dogo linaloleta magomvi makubwa. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba, lakini mnunuzi wa umeme ni mpangaji. Mwenye nyumba aandike katika mkataba kwamba makato hayo yatapunguzwa katika pango, kisha ayapunguze bila kungoja kukumbushwa.