Mbagala, Gongo la Mboto: Tunangoja ya Tatu?

Ndugu yangu wa Dar es Salaam, umelala?

Aprili 29, 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala. Watu zaidi ya 20 wakafa. Haikutimia miaka miwili, usiku wa Februari 16, 2011, likalipuka jingine Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 tena. Maelfu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru, kina mama wakiita majina ya watoto waliopotezana nao gizani.

Tukazika. Tukasema ni mipango ya Mungu. Tukalala.

Mungu gani? Baruti ya mizinga ina kemikali ya kuituliza isijichome. Miaka ikipita, na kwa joto hili letu, kemikali hiyo huisha. Ikiisha, baruti huweza kupata moto yenyewe, hakuna aliyewasha kiberiti. Fundi huchukua punje chache, akazipima maabara, akajua. Punje chache tu! Je, nani anazipima kwetu? Akikuta hatari, anamwambia nani?

Marekani, mwaka 1926, radi ilipiga ghala la mabomu la jeshi la majini huko Lake Denmark, New Jersey, likalipuka, watu wakafa. Mwaka 1928 wakaunda bodi ya kudumu ya kusimamia usalama wa vilipuzi. Ipo hadi leo. Hao si malaika. Walizika mara moja wakashtuka. Sisi tumezika mara mbili.

Utaambiwa bodi kama hiyo kwetu ni gharama: posho, magari, semina. Posho nazichukia kuliko wewe. Lakini piga hesabu ya nyumba zilizobomoka, fidia, mahema, uwanja wa ndege uliofungwa, na mabomu yenyewe yaliyonunuliwa kwa kodi yako. Kaburi je, utaliandika shilingi ngapi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbagala nyufa zilikuwa kwenye kuta kwelikweli, unapitisha kidole.

Wala sitaki bodi ya kushauri tu, ushauri ufungiwe kabatini. Nataka mkaguzi mwenye uwezo wa kusema: ghala hili lifungwe leo. Aseme pia na sisi tunaojenga mpaka kwenye uzio wa kambi, na anayetugawia viwanja hivyo.

Mbunge wako akija kuomba kura, muulize: ghala la jirani lilikaguliwa lini, na nani? Asipokuwa na jibu, mrudishe akalitafute.