UCHAMBUZI: Mzizi wa iboga ni funzo kwa Kenya kuhusu hazina ya wahenga

JUNI 2025, Gavana wa jimbo la Texas nchini Marekani, Bw Greg Abbott, alitia saini sheria iliyotenga Dola 50 milioni (takriban Sh6.5 bilioni) za kugharimia utafiti wa ibogaini. Hii ni kemikali ipatikanayo katika maganda ya mizizi ya iboga, mti mfupi unaomea katika misitu ya Gabon na majirani zake.

Waliopigia debe sheria hiyo walisema kemikali hiyo huenda ikawafaa wanajeshi wastaafu wenye majeraha ya akili pamoja na waraibu wa dawa za kulevya.

Hizo ni habari njema kwa wagonjwa. Hata hivyo, kwa Mwafrika swali linasalia: Je, waliouhifadhi mzizi huu kwa vizazi na vizazi watapata nini?

Ili kulielewa swali hili, ni muhimu kurejelea kazi ya Profesa James Fernandez, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi miongoni mwa Wafang wa Gabon kati ya 1958 na 1960. Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa mwaka wa 1982 katika kitabu kikubwa kuhusu Bwiti, dini ya kienyeji ambayo iboga ndiyo sakramenti yake.

Fernandez alikuta jamii iliyoyumba. Ukoloni wa Mfaransa ulikuwa umewatoa wanaume vijijini na kuwapeleka katika kambi za kukata mbao. Maradhi yalikuwa yamepunguza watu, nao wamishenari waliwakemea waliowaenzi mababu zao. Wafang walijifunza Bwiti kutoka kwa jamii nyingine za Gabon, wakaichanganya na mafunzo ya Kikristo, na kuitumia kujikusanya upya.

Ibada hiyo ilifanywa usiku kucha, watu wakicheza na kuimba kwa kufuata mlio wa zeze la nyuzi nane. Waumini wa kawaida walikula iboga kidogo tu ili kufukuza usingizi na uchovu. Aliyekuwa akiingizwa katika dini ndiye aliyekula kwa wingi, akiaminiwa kufunga safari ya kwenda kuwaona wahenga wake. Wakati huo wote alikaa chini ya ulinzi wa wazee waliokwisha kuipita njia hiyo, mmoja akiwa kama baba yake na mwingine kama mama yake.

Kulipopambazuka, waumini walisema wamefikia lengo lao, yaani kuwa na moyo mmoja.

Hapa ndipo penye uzito wa utafiti huo. Fernandez alionyesha kwamba mzizi haukufanya kazi peke yake. Ulikuwa sehemu ya elimu pana: nani ale, ale kiasi gani, nani amchunge, na baada ya hapo aishi vipi na wenzake. Wageni wengi waliokuja baadaye waliubeba mzizi na kuiacha elimu.

Ukweli ni kwamba safari ya iboga ughaibuni ilianza kitambo. Wanakemia Wafaransa waliitenga ibogaini mwaka wa 1901. Mwaka wa 1962 kijana wa New York, Howard Lotsof, aliyekuwa mraibu wa heroini, aliitumia akitafuta kulewa tu, akagundua kwamba hamu ya heroini imemtoka. Mnamo 1985 alipewa hataza nchini Marekani kwa mbinu ya kutumia ibogaini kukatiza uraibu huo. Jamii za Gabon hazikuwa sehemu ya mapatano hayo.

Mgala muue na haki yake mpe. Lotsof hakuiba tambiko la mtu, kwa sababu tiba ya heroini haikuwa shabaha ya Bwiti. Lakini asingekuwa na cha kugundua lau hakungekuwa na watu waliotambua zamani kwamba mzizi huo una nguvu ya kugeuza akili, wakautunza na kujifunza kuutumia.

Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya wanajeshi wastaafu 30 waliopewa ibogaini pamoja na magnesiamu katika kliniki moja nchini Mexico. Dalili za msongo, wasiwasi na huzuni zilipungua sana. Idadi hiyo ni ndogo, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha, hivyo ni mapema kuiita tiba.

Isitoshe, ibogaini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kuna watu waliofariki baada ya kuimeza. Hivyo basi, mzazi wa pwani yetu ambaye mwanawe amezama katika heroini asishawishike kununua unga wa mzizi huu kwa wachuuzi wa intaneti. Pa kukimbilia ni hospitali.

Gabon kwa upande wake haikulala. Mwaka wa 2000 iliitangaza iboga kuwa turathi ya taifa. Mnamo 2019 ilisimamisha uuzaji wake nje baada ya hofu kwamba wawindaji haramu walikuwa wakiing'oa misituni. Kisha mwaka wa 2023 ikaruhusu shehena ya kwanza halali, chini ya Mkataba wa Nagoya unaotaka wenyeji wagawiwe faida itokanayo na mimea na maarifa yao.

Tatizo ni kwamba ibogaini inaweza pia kutengenezwa kutokana na mti mwingine wa Afrika uitwao voacanga. Kampuni inayotaka kuikwepa Gabon ina njia ya kufanya hivyo. Sheria inayolinda mmea pekee, bila kulinda maarifa ya watu, huacha mlango wazi.

Kenya inapaswa kujifunza hapa. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka wa 2016, na inazitwika serikali za kaunti jukumu la kuyakusanya na kuyasajili maarifa hayo.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumtetea mganga wa Kaya za Wamijikenda au mtaalamu wa mitishamba wa Mlima Elgon iwapo anayoyajua hayajaandikwa popote kwa idhini yake. Wazee hao wanafariki mmoja baada ya mwingine, na vijana wengi huona aibu kurithi kazi inayodharauliwa kuwa ushirikina.

Magavana na vyuo vikuu vyetu havina budi kuwatuma watafiti mashinani, si kwa wiki moja, bali kwa subira kama ile ya Fernandez. Waende kwa heshima, waandike kwa ruhusa, na nakala ibaki mikononi mwa jamii yenyewe.

La sivyo, siku moja tutasoma kwamba dawa ya mababu zetu imepata mwenyewe ng'ambo, nasi hatutakuwa na ushahidi wa kudai chetu. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakukosea.